Kosa Lionekane Lini?

Katika mtaa mmoja wa Kampemba, hapa Lubumbashi, kuna chama kidogo cha kusaidiana wakati wa kilio. Kila nyumba hutoa faranga chache kila mwezi. Mtu akifiwa, chama hununua sanduku, hulipa gari la kwenda makaburini, na huwapa wafiwa unga na mafuta kwa siku za matanga. Sisi tu wanachama tangu miaka mingi. Zamani chama chetu kilikuwa na desturi ya kuhesabu fedha mara moja tu kwa mwaka, Jumapili ya kwanza ya Januari, chini ya mwembe ulio nyumbani kwa mwenyekiti. Kitabu hufunguliwa, sanduku la fedha hufunguliwa, watu hupiga makofi, kisha soda hunywewa.

Mwaka mmoja kitabu na sanduku havikupatana. Kitabu kilisema fedha ni nyingi. Sanduku likasema zimepungua faranga 360,000. Mtunza sanduku alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya reli, mtu wa maneno machache. Akasimama akasema, "Mimi sikula kitu." Hakuna aliyemjibu. Wala hakuna aliyemwita mwizi, la hasha; sisi tu watu wa adabu. Tulitazama chini tu, kila mtu akijifanya anatafuta kiatu chake. Baada ya majuma mawili mzee yule alileta fedha zote, akaziweka juu ya meza pamoja na ufunguo wa sanduku, akaaga. Alikuwa ameuza baiskeli yake na cherehani ya mkewe. Kabla mwaka haujakwisha walihama Kampemba.

Jinsi jambo hilo lilivyokwisha tutaeleza mbele. Tumelikumbuka kwa sababu ya mazungumzo tuliyokuwa nayo majuzi na kijana mmoja jirani yetu. Kijana huyo huandika programu za kompyuta pamoja na watu wa mbali ambao hajawaona kwa macho. Na kwa kuwa umeme wa mtaani kwetu hukatika mchana pasipo kuaga, yeye hufanya kazi usiku, na asubuhi twamkuta akinywa chai huku macho yamemwiva. Siku hiyo alituonyesha katika kompyuta yake orodha ya kazi za usiku ule. Kila kazi ilikuwa na alama yake ya duara mfano wa taa, nyingi za kijani, moja nyekundu.

"Huyu mwekundu ni nani?" tukamwuliza kwa mzaha.

"Ni mimi, Baba," akajibu pasipo haya yoyote. "Saa mbili usiku nilivunja kazi ya wote. Saa tatu kasorobo nilikuwa nimekwisha kutengeneza."

Tulishangaa. Alisema kama mtu asemaye amemwaga maji kidogo sakafuni. Tukamwomba atueleze, naye akatueleza kwa uvumilivu, maana sisi si watu wa kompyuta. Tuliyoyaelewa twayaandika hapa, kwa sababu ndani yake tumeona swali linalotuhusu sote, hata tusiojua kubonyeza kitufe.

Programu ni maandishi. Ni maandishi marefu, pengine mistari mamia ya maelfu, ambayo kompyuta huyasoma na kuyatii neno kwa neno. Hakuna mtu mmoja awezaye kuandika programu kubwa peke yake. Huandikwa na wengi, kila mmoja sehemu yake. Hebu fikirini nyumba inayojengwa na mafundi wanne, kila fundi ukuta wake, kwa matofali ya kuchoma, pasipo kuonana kwa miezi mitatu. Kila mmoja ana kamba yake na kipimo chake, na kila ukuta ukiutazama peke yake umenyoka. Siku ya kukutana pembeni, huu umezidi mkono mzima, ule umepungua, na mlango unatazama ukuta. Ndivyo walivyofanya waandishi wa programu kwa miaka mingi. Kila mtu alikaa na sehemu yake katika kompyuta yake, majuma mengi, kisha ikaja siku ya kuunganisha. Na siku hiyo ilikuwa majuma mengine mengi ya ugomvi. Kila sehemu peke yake ilikuwa nzuri. Zote pamoja hazikwenda. Kosa ni la nani? Hakuna ajuaye, maana kila mtu amebadili mambo elfu tangu waonane.

Basi, wengine wakaweka sheria nyingine. Kila mtu alete kazi yake kwenye kazi ya wote kila siku, hata mara kadhaa kwa siku, ijapokuwa ni mistari kumi tu; na kila inapoletwa, programu nzima ijengwe upya na kupimwa, ionekane kama ingali yasimama. Mmarekani Grady Booch aliipa desturi hiyo jina miaka ya 1990; Kent Beck na wenzake waliifanya sheria ya kazi miaka ya mwisho ya 1990, walipokuwa wakiandika programu ya mishahara ya kampuni ya magari ya Chrysler. Lakini sheria peke yake haitoshi. Nani atajenga na kupima mara ishirini kwa siku? Mtu atachoka. Ilitakiwa mashine ikeshe.

Hapa ndipo anapoingia Kohsuke Kawaguchi. Yeye ni Mjapani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Sun Microsystems, huko California. Mwenyewe amesimulia kwamba alikuwa mmoja wa wale wanaovunja kazi ya wenzao, akachoka na hasira yao. Katika mwaka 2004 akaandika programu ndogo ya kumlinda: kila alipoleta kazi, programu hiyo iliichukua, ikajenga yote, ikapima, ikamwambia kabla mwenzake hajajikwaa. Akaiita Hudson, jina wanalopenda Waingereza kumpa mtumishi wa nyumbani katika hadithi zao. Wenzake wakaiona, wakaitaka nao. Mwaka 2005 akaitoa kwa watu wote iwe programu huria, maana yake, mtu yeyote duniani aweza kuichukua bure, kuyasoma maandishi yake yote, kuyabadili, na kuwapa wengine. Watu wakaja, mmoja mmoja, kutoka nchi nyingi, wakaongeza kila mtu chake.

Twaomba msomaji asilipite upesi jambo hili. Mlinzi huyu hakutengenezwa na msimamizi anayetaka kuwakamata wafanyakazi wake. Alitengenezwa na mkosaji, ili ajikamate mwenyewe. Mara ngapi tumeona kwetu ukaguzi unaotoka upande huo? Mkaguzi hutoka juu daima, na aliye chini hutafuta pa kujificha. Sisi wenyewe tuliwahi kuandika kanuni za vyama viwili hapa mtaani, na hatukumbuki kuandika hata neno moja la kutulinda na makosa yetu. Zote zilikuwa za kutulinda na wenzetu.

Kuna kichekesho pia. Kwa miaka mingi alama ya kazi nzuri katika programu hiyo ilikuwa ya buluu, si ya kijani, na Wamarekani na Wazungu wakalalamika. Kumbe huko Japani taa ya barabarani ya kuruhusu kupita watu huiita kwa neno la buluu, ijapokuwa wewe na mimi tungesema ni ya kijani. Bwana Kawaguchi aliweka rangi aliyoizoea tangu utoto. Wengine wakaandika kiongezo kizima kwa ajili ya kugeuza buluu kuwa kijani tu. Siku hizi alama yenyewe imekuwa ya kijani.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Je, ni haki kosa la mtu lionekane saa ileile, tena wenzake wote waweze kuliona? Wengi kwetu watajibu, hapana. Wazee wetu wametufundisha kwamba kumsahihisha mtu mzima mbele ya watoto ni tusi. Na sisi Wakristo twajua fundisho kwamba ndugu akikosa, umwendee kwanza peke yake. Kuitundika taa nyekundu juu ya jina la mtu, si ndiyo kumwaibisha hadharani?

Hoja hiyo ina nguvu, wala hatutaki kuidharau. Tena imethibitishwa na mambo yaliyotokea. Katika ofisi nyingine huko ng'ambo walianzisha desturi ya kumvika kofia ya kuchekesha yeyote aliyevunja kazi, akae nayo mpaka mwingine avunje. Kwa programu hiyohiyo ya Kawaguchi mtu fulani alitengeneza mchezo wa alama: ukileta kazi nzima unapata 1, ukivunja unanyang'anywa 10. Labda vijana huona ni utani. Sisi hatuupendi. Anayenyang'anywa kumi kwa kosa moja atajifunza upesi kuleta kazi mara chache, nayo ndiyo hasa desturi mbaya iliyokuwa ikiponywa. Ukimcheka mtu kwa kosa dogo aliloleta mapema, atakuletea kosa kubwa baadaye.

Tulipomwambia kijana wetu haya, alicheka akasema, "Baba, ile taa haina hasira." Neno hilo tulikaa nalo siku nyingi. Taa haina hasira. Haijui kama umelala vibaya, haijui kabila lako, haikumbuki ulivyovunja jana. Yasema tu: hapa, mstari huu, tangu saa mbili usiku. Na kwanza humwambia aliyeleta. Wengine waweza kuona, ni kweli, lakini mara nyingi wanapoamka yeye amekwisha kutengeneza, na hakuna aliye na haja ya kuuliza.

Tukaona basi kwamba tulikuwa tumechanganya mambo mawili. Kuna dhambi ya mtu, ambayo ni yake na Mungu wake na padre anayemwungamia. Hiyo haifai kutundikwa popote. Na kuna kosa ndani ya kazi ya wote. Hili si siri ya mtu, kwa sababu kazi yenyewe si ya mtu. Fedha za kilio ni za wenye kilio. Ukuta ni wa watakaolala chini yake. Aliyeupinda hana haki ya kuuficha upindo, wala sisi hatuna haki ya kuugeuza upindo wa ukuta uwe upindo wa moyo wake.

Na kitu kinachogeuza cha kwanza kuwa cha pili ni nini? Kwa maoni yetu ni kuchelewa. Kosa likiwa la saa moja, swali ni "Wapi?" Mistari iliyobadilika ni kumi, waitazama, waiona, waisahihisha. Kosa likiwa la miezi tisa, hakuna awezaye kujibu "Wapi?" maana pa kutafuta ni pengi mno. Hapo ndipo watu waliochoka huuliza swali lililo rahisi zaidi: "Nani?" Hilo lina jibu daima. Daima kuna mtu aliye karibu na sanduku. Kwa hiyo sisi twathubutu kusema kwamba kuchelewa kuhesabu si uvivu tu. Ni kumwekea ndugu mtego pasipo kujua ni ndugu gani atakayenaswa.

Wengine watasema, haya ni mambo ya Wamarekani na Wajapani. Sivyo. Tutazame Eldoret, huko Kenya. Mwaka 2004 watu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, na wa shirika la Partners In Health walianza kuandika pamoja programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, iitwayo OpenMRS. Haja ilitokea kwetu, Afrika: wagonjwa wa UKIMWI walikuwa wakiongezeka kwa maelfu katika zahanati za mpango wa AMPATH, ambao Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Rufaa ya Moi huuendesha pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana, na madaftari hayakutosha tena. Mwaka 2006 programu ikaanza kutumika Eldoret, na mwaka uleule Rwinkwavu, Rwanda. Leo kumbukumbu za hospitali nyingi za Kenya na Uganda hutunzwa kwa programu zilizojengwa juu ya hiyo, na waandishi wake wengi ni vijana wa nchi hizohizo.

Sasa fikirini mtu mmoja Kampala amebadili mistari michache jioni ili orodha ya dawa isomeke vizuri, na pasipo kujua akaharibu mahali panapohesabu siku ya mgonjwa kurudi. Mgonjwa huyo yuko kijijini, hajui Kampala. Haonekani kwenye orodha ya wanaongojewa, hakuna anayemtafuta, vidonge vyake vinakwisha. Mabadiliko ya OpenMRS nayo hupita mbele ya mashine ya kujenga na kupima, ili kosa la namna hiyo likamatwe lingali mezani pa aliyelifanya. Hapa neno "aibu" linakuwa dogo sana. Tungemwuliza yule anayetetea kuficha: wamhurumia nani, mwandishi au mgonjwa?

Lakini tusiisifu mashine kupita kiasi. Mashine hupima yale tu iliyoambiwa kupima. Kama hakuna aliyefikiri kuuliza juu ya siku ya kurudi, taa itawaka kijani na mgonjwa atasahauliwa vilevile. Tena itawaka kijani kwa programu iliyoandikwa kuwaibia watu, mradi inaiba sawasawa kama ilivyokusudiwa. Na kuna hatari nyingine ambayo kijana wetu alituambia akiwa hacheki. Kuna mahali alipowahi kufanya kazi, taa ilikuwa nyekundu majuma mengi, na watu wakaizoea. Kila mgeni aliyeuliza aliambiwa, "Ile? Ile iko hivyo tu." Twadhani kila msomaji wa Kampemba anajua taa ya namna hiyo katika mtaa wake: mfereji uliozibuka mvua ya kwanza na kuzibwa tena mvua ya pili, waya unaoning'inia juu ya njia ya watoto. Hakuna anayeficha chochote, kila mtu aona, na hakuna linalofanyika. Kuonekana kwa kosa ni nusu ya kazi tu.

Turudi kwa Hudson, maana jamii yake nayo ilipata kosa lake, wala si kosa la programu. Januari 2010 kampuni ya Oracle ilikamilisha kuinunua Sun Microsystems. Mwaka uleule Kawaguchi aliondoka. Kuelekea mwisho wa mwaka watu walianza kubishana: maandishi ya programu yatunzwe wapi, na nani mwenye neno la mwisho? Oracle ikasema jina Hudson ni mali yake, pamoja na yote iliyoyanunua. Waliofanya kazi kwa miaka mingi pasipo mshahara wa Oracle wakasema kazi ni yao. Ugumu ulikuwa hapa, kwamba pande zote mbili zilikuwa na ukweli. Karatasi ilikuwa ya Oracle. Jasho lilikuwa la wengi.

Walifanyaje? Walijadiliana na Oracle, na walipoona hawapatani, Januari 2011 wakaleta shauri mbele ya wote: tuliache jina hili, tuchukue kazi yetu twende nayo? Kura zikahesabiwa: 214 walikubali, 14 walikataa. Jina jipya likawa Jenkins, jina jingine la mtumishi wa nyumbani. Oracle ikaendelea na Hudson yake, kisha mwaka uleule ikaitoa kwa Eclipse Foundation. Mwaka 2017 ikafungwa. Jenkins inaendelea mpaka leo, na tangu 2019 imo ndani ya Continuous Delivery Foundation, chini ya Linux Foundation. Ina viongezo zaidi ya 1,800 vilivyoandikwa na watu wa kila bara. Kawaguchi mwenyewe alijitenga na uongozi mwaka 2020, na kazi haikusimama.

Hatusemi kwamba Oracle ni waovu; walidai walichokinunua. Wala hatusemi kwamba wingi wa kura hufanya haki; hatujui wale 14 walihuzunika namna gani, na huenda mmoja wao aliona jambo ambalo wengine 214 hawakuliona. Linalotugusa ni muda. Ugomvi ule ulikuwa wa miezi michache. Watu waliozoea kuleta kazi yao kila siku mbele ya wenzao, wakaambiwa "hapa umevunja" wakasahihisha, hawakuogopa kuuleta na ugomvi wao. Sisi twajua kwaya iliyogawanyika baada ya miaka kumi na miwili, na mpaka leo hakuna awezaye kutuambia iligawanyika kwa sababu gani. Kila mmoja ana mwaka wake anaoutaja.

Sasa ile habari ya mzee wa sanduku. Miaka miwili baada ya kuhama kwake, chama kilipata karani mpya, binti anayesomea uhasibu. Kitabu cha zamani kilikuwa kimelowa mvua, akaamua kukinakili. Alipofika kwenye mwaka ule akauliza, "Fedha zilizopotea zilikuwa ngapi?" Tukamwambia 360,000. Akagawa kwa 9, akapata 40,000 pasipo kubaki kitu, akanyamaza. Ndipo akatueleza kwamba wahasibu wanajua jambo hili: tofauti ikigawanyika kwa 9, tazama kwanza kama tarakimu mbili zimebadilishana mahali. Akafungua ukurasa baada ya ukurasa. Mwisho wa Machi jumla ilikuwa 1,370,000. Juu ya ukurasa wa Aprili, ilipohamishwa, imeandikwa 1,730,000. Faranga hazikupotea kamwe. Hazikuwapo.

Mwezi ule wa Machi karani wa zamani alikuwa mgonjwa, na kitabu kiliandikwa na mtu mwingine kwa muda. Binti alitugeuzia ukurasa ili tuone vizuri. Mwandiko ulikuwa wetu.

Kama tungalihesabu sanduku siku ileile ya mwisho wa Machi, mbele ya watu watatu tu, kosa lingalikuwa la ukurasa mmoja. Tungalicheka, tukafuta, tukaandika upya. Badala yake tuliliacha likae miezi tisa, kisha tukatazama chini kutafuta viatu vyetu wakati mtu mwingine anasimama peke yake.

Tulikwenda kumwona. Wanakaa Likasi, kwa mtoto wao, kilometa kama 120 toka hapa. Tulibeba fedha zake zote, zilizochangwa na chama, na kitabu. Tulimfungulia ukurasa wa Machi na wa Aprili, tukamwonyesha mwandiko. Alivaa miwani, akasoma tarakimu mara mbili kwa kidole, akavua miwani. Mkewe alileta bukari na samaki, akatuwekea maji ya kunawa kama wageni wowote. Tukataja cherehani. Akasema ile ilikuwa ya mama yake, na zile za sasa si nzito kama ile.

Mzee alikuwa kimya mpaka tulipokwisha kula. Kisha akauliza, "Na sasa mnahesabu lini?"

"Kila mwisho wa mwezi, Baba. Kitabu na sanduku pamoja."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya yeyote anayekuja."

"Wanakuja wangapi?"

Tukamwambia ukweli: mara ya kwanza walikuja kumi na tisa, na mwezi uliopita wanne. Akatikisa kichwa polepole, akaomba kitabu tena, akaanza kuzisoma hesabu za miezi ya karibuni, moja moja, huku tukingoja.